Walioanza Kidato cha Kwanza Wako Wapi?

Matokeo ya kidato cha nne hutoka mwishoni mwa Januari, na siku hiyo ofisi ya taaluma haikaliki. Simu moja inapita mikononi mwa walimu watano, tovuti ya Baraza la Mitihani inafunguka kwa kusuasua, na wote wanatafuta kitu kimoja: lile jedwali la juu linaloonyesha daraja la kwanza wangapi, la pili wangapi, la tatu, la nne na sifuri, wasichana na wavulana. Haipiti nusu saa, asilimia ya ufaulu imeshakokotolewa na kutumwa kwa afisa elimu kata. Shule nyingi za kutwa huishia hapo. Karatasi inabandikwa ukutani, zinafuata pongezi au lawama, na Februari kila mtu amerudi darasani.

Maelezo haya yanatokana na kazi iliyofanyika katika sekondari moja ya kata kwenye mteremko wa Kilimanjaro, upande wa Moshi Vijijini. Kazi yenyewe ilikuwa kulinganisha matokeo na hali za wanafunzi: wanatoka wapi, wanaishi na nani, wanatembea muda gani, wanakula nini mchana. Ilichukua karibu mwaka mzima kwa sababu mara tatu ilibidi kurudi mwanzo. Yameandikwa kwa ajili ya mwalimu wa taaluma, mjumbe wa bodi ya shule au mzazi anayetaka kuifanya shuleni kwake asipoteze miezi ambayo sisi tuliipoteza.

Unachokihesabu

Kabla ya kugusa habari za mwanafunzi, jua daraja linapatikanaje. A ni alama 75 na kuendelea na hubeba pointi 1, B ni 65 hadi 74 na pointi 2, C ni 45 hadi 64 na pointi 3, D ni 30 hadi 44 na pointi 4, F ni chini ya 30 na pointi 5. Zinachukuliwa pointi za masomo saba bora. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, na 34 au 35 ni sifuri.

Sasa piga hesabu ya mtoto mwenye D mbili na F tano. Nane jumlisha ishirini na tano ni 33. Huyo ana daraja la nne, na katika asilimia inayotangazwa kikaoni anahesabiwa amefaulu. Mwenzake mwenye D moja na F sita ana 34, sifuri. Kilichowatenganisha ni D moja, pengine ya Kiswahili au Uraia, na wote wawili wamemaliza miaka minne bila kuelewa masomo mengi waliyofundishwa. Kwa hiyo asilimia ya daraja la kwanza hadi la nne isitumike peke yake. Andika namba mbili kila mara: waliopata daraja la kwanza hadi la tatu, kisha daraja la nne pekee. Kundi la kwanza ndilo lenye nafasi halisi ya kidato cha tano cha serikali.

Mpaka wa pointi 25 na 26 nao unataka macho. Mwenye C mbili na D tano ana 26, daraja la nne. D moja ikipanda ikawa C, anashuka hadi 25 na kuingia daraja la tatu. Orodhesha wote walioishia 26, 27 na 28. Wengi wao, alama za darasani zilikuwa zimewaonyesha wanaweza, na ukifuatilia rejista zao utakuta siku nyingi za kukosa shule muhula wa pili wa kidato cha tatu. Orodha hiyo ni fupi na inafundisha haraka kuliko mchoro wowote.

Kuna wastani wa shule ambao Baraza huutoa kwa kila somo na kwa kituo kizima. Kwa kuwa A ni 1 na F ni 5, wastani mdogo ndio mzuri. Inaonekana ni jambo dogo, lakini taarifa ya bodi iliwahi kuandaliwa ikisifia somo lililopanda kutoka 3.6 hadi 3.9. Lilikuwa limeshuka.

Kosa lililokula muda mwingi mwanzoni lilikuwa mchoro wa miaka kumi. Ulipendeza sana, na haukuwa na maana yoyote. Matokeo ya 2012 yalitangazwa, nchi nzima ikalia, yakafutwa na kupangwa upya. Mwaka 2013 alama ziligawanywa kwa namna nyingine, zikiwemo B+ na E. Mwaka 2014 madaraja yaliondolewa ukaja wastani wa pointi, wenye Distinction na Merit, kisha madaraja yakarudishwa. Ukiunganisha miaka hiyo kwa mstari mmoja, unapima mabadiliko ya kipimo ukidhani unapima watoto. Anza mwaka 2016 na kuendelea.

Mwaka huohuo una uzito kwa sababu nyingine. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 uliondoa ada katika shule za umma, na kwa sekondari za kutwa ada ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Walioingia kidato cha kwanza Januari 2016 bila ada ndio waliofanya mtihani Novemba 2019. Kuanzia hapo madarasa yana watoto ambao zamani wasingefika kabisa. Chukua mfano wa kukokotoa tu: darasa la zamani lilikuwa na watoto 60, 30 wakapata daraja la kwanza hadi la tatu, yaani nusu. Darasa la sasa lina 120, wakapata 48, yaani asilimia 40. Ukutani shule imeshuka kutoka asilimia 50 hadi 40. Kijijini wamepatikana vijana 18 zaidi wenye nafasi ya kuendelea. Mwalimu asiyeigawanya hesabu hiyo atalaumiwa kwa kazi ambayo alipaswa kushukuriwa.

Namba ya chini ya mstari

Hapa ndipo kazi yote ilipogeukia. Asilimia ya ufaulu hugawanywa kwa waliofanya mtihani. Jaribu kuigawanya kwa walioanza.

Tuchukue tena mfano wa hesabu. Wameandikishwa 160 kidato cha kwanza. Miaka minne baadaye wamefanya mtihani 118, na waliopata daraja la kwanza hadi la nne ni 100. Kwa hesabu ya ukutani ufaulu ni asilimia 84.7. Kwa hesabu ya walioanza ni asilimia 62.5. Watoto 42 wamepotea katikati, na hakuna karatasi ya matokeo inayowataja. Shule inaweza hata kuonekana bora kwa sababu tu waliokuwa na hali ngumu waliondoka mapema.

Wale 42 hawapatikani kwa kuuliza ofisini. Wamo kwenye rejista za mahudhurio, na rejista inataka subira. Fungua ukurasa wa kidato cha pili, muhula wa kwanza. Jina lina vijistari vya kuhudhuria wiki mbili, kisha duara moja la kukosa, kisha siku tatu zipo, kisha maduara wiki nzima, kisha mstari mwekundu wa rula umepita juu ya jina na pembeni limeandikwa neno moja: "amehama". Hakuna tarehe, wala jina la shule aliyokwenda. Katika rejista tulizopitia neno hilo limefunika mambo mengi sana.

Namna ya kuhakikisha ni hii. Kila mwanafunzi ana namba ya PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, aliyotoka nayo shule ya msingi, na uhamisho wa kweli huacha alama kwenye mfumo huo. Kama rejista inasema amehama na kwenye mfumo bado yuko kwako, mtoto huyo hajahama. Ameacha shule. Mpigie mlezi, na namba isipopatikana muulize balozi wa nyumba kumi au mtendaji wa kijiji. Ukianza kuuliza, mengi yanajulikana: yuko Arusha anaendesha bodaboda ya mtu, yuko Mirerani machimboni, yuko Dar kwa shangazi analea mtoto, yuko hapahapa nyumbani, alipata mimba na alishajifungua.

Weka hali sita na usiongeze nyingine: alifanya mtihani, alikariri darasa, alihama kwa uthibitisho, aliacha, alifariki, aliacha akarudi. Ya pili inasumbua. Anayeshindwa upimaji wa kidato cha pili na kukariri anaingia kundi la mwaka unaofuata, na asipowekewa alama atahesabiwa mara mbili, huku ameonekana amepotea, kule ameonekana mwanafunzi mpya. Ya sita ilipata uhai baada ya Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 kuruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi katika mfumo rasmi. Shule isiyo na safu ya "akarudi" haitajua kama waraka huo umemfikia mtu hata mmoja kwake.

Jambo lingine: usisubiri siku 90 mfululizo za utoro ndipo mtoto ahesabiwe ameacha. Kiofisi hiyo ndiyo hesabu. Kwa kumrudisha, ni mbali mno. Rejista zilionyesha kwamba karibu kila aliyeacha alitangulia kukosa siku moja kila wiki, mara nyingi siku ileile, na siku hiyo ukiitazama vizuri ni ya gulio.

Kadi za manila

Kompyuta ya shule ilikuwepo, na jedwali la Excel lilitengenezwa, mstari mmoja kwa kila mwanafunzi. Lilifanya kazi vizuri kwa mwalimu mmoja aliyelijua. Wengine walisikiliza, wakatikisa kichwa, wakarudi kusahihisha madaftari.

Kilichobadilisha mambo ni manila. Karatasi ya manila ya A4 ukiikata vipande nane unapata kadi zinazotosha, kwa hiyo kundi la watoto 160 linataka manila 20. Tumia rangi mbili, moja ya wasichana na moja ya wavulana. Kila kadi andika namba ya kuandikishwa, shule ya msingi aliyotoka, kitongoji, dakika za kutembea, anayeishi naye, chakula cha mchana, matokeo ya kidato cha pili, hali ya mwisho na daraja. Jina liandikwe nyuma kwa penseli, na kadi zilale uso juu.

Namba ya kuandikishwa na namba ya mtihani hazifanani, na hapo tulikwama wiki mbili. Orodha ya Baraza huwapanga wasichana kwanza kwa alfabeti, kisha wavulana. Daftari la uandikishaji limepangwa kwa siku waliyofika. Tengeneza karatasi moja ya kuunganisha namba hizo mbili kabla ya kitu kingine chochote, wasome watu wawili kwa pamoja, mmoja akitaja na mwingine akiweka tiki. Majina yanayofanana ni mengi mlimani, na ukioanisha kwa jina peke yake utampa mtoto daraja la ndugu yake.

Kisha kaa na walimu kwenye meza ndefu ya ofisi na panga mafungu. Kwanza kwa daraja. Halafu kila fungu lipange tena kwa dakika za kutembea. Halafu kwa anayeishi naye. Mwalimu wa darasa anashika kadi, anaigeuza, anasoma jina, anasema, "Huyu si alihama?" Anapoambiwa hakuhama, anaiweka mezani na kushika nyingine. Jioni ile fungu la "aliacha" lilikuwa refu kuliko la daraja la kwanza na la pili yakiwekwa pamoja, na lilikuwa na rangi moja zaidi ya nyingine: wavulana. Shule nzima ilikuwa inaamini tatizo ni wasichana.

Walimu wanaumia katika kazi hii, na hilo lisipuuzwe. Mwalimu wa hisabati anaingia akijua somo lake ndilo litakalosemwa, wakati kitaifa wanaofaulu hisabati kidato cha nne kwa miaka ya karibuni ni kama robo tu au pungufu. Ukianza na masomo, kikao kinageuka kesi. Anza na mahudhurio na umbali, masomo yaje siku nyingine. Tulianza vibaya, na mwalimu mmoja mzuri sana hakurudi kwenye meza ile hadi Juni.

Maswali ya fomu

Fomu ya kwanza ilikuwa ya kuonea aibu. Iliuliza kazi ya mzazi. Karibu wote wakaandika "mkulima". Mlimani, mwenye kihamba cha migomba na kahawa, ng'ombe wawili wa maziwa na mtoto anayemtumia fedha kutoka Dar es Salaam ni mkulima. Kibarua anayelimia watu kwa siku naye ni mkulima. Safu nzima ikawa haina kazi. Iliuliza pia umbali kwa kilomita, na watoto wakaandika 2, 3, 5 na 10 kwa kukisia. Iliuliza kama mzazi yupo, wakaandika yupo. Ni kweli yupo, ila yupo Tegeta, Dar es Salaam, na mtoto anaishi na bibi wa miaka zaidi ya sabini.

Maswali yaliyojibiwa vizuri ni yale yanayouliza kitu cha jana au leo. Leo umetoka nyumbani saa ngapi? Jana umefika nyumbani saa ngapi? Nani alikuamsha leo asubuhi? Jana usiku ulisomea mwanga wa nini? Umekula nini kabla ya kuja? Darasa la saba ulisoma kwa lugha gani?

Swali la kuamshwa lilizaa matunda kuliko yote. Waliojibu "mama" au "bibi" tuliwatarajia. Wapo walioandika "mwenyewe", na kwa kuwafuatilia ikajulikana kwamba wanaishi kwenye mageto, vyumba vya kupanga karibu na shule, kwa sababu nyumbani ni mbali. Wazazi walidhani wamewaondolea watoto adha ya safari. Rejista ya geto ilikuwa mbaya kuliko ya wanaotembea saa nzima: hakuna wa kuamsha, chakula kinaisha katikati ya wiki, na kwa msichana wa miaka 15 mlango wa geto hauna ulinzi wowote.

Umbali wa mlimani una siri yake. Mtoto anayeishi juu ya shule anashuka kwa dakika 40 asubuhi na kupanda kwa dakika 70 jioni. Anayeishi chini anapanda asubuhi, anafika amelowa jasho na amechoka kipindi cha kwanza. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, korongo likijaa wote wawili hawaji. Kwa hiyo uliza saa za kwenda na za kurudi, na uliza mara mbili, Februari na Aprili.

Lugha nayo ipewe safu yake. Mtoto wa shule ya msingi ya kawaida amesoma miaka saba kwa Kiswahili, na sekondari anakutana na Kiingereza karibu katika kila somo. Kadi zilipopangwa kwa lugha ya darasa la saba, tofauti ya kidato cha pili ilionekana bila kutafutwa. Ilikuwa inapungua kwa wale waliohudhuria yale majuma ya mwanzo ya kuzoeshwa Kiingereza yote, na waliokuja kuyakosa ni wale walioripoti Machi, wakichelewa kwa sababu ya sare na madaftari. Kuchelewa kuripoti kidato cha kwanza tulikuwa tukikuchukulia kama jambo dogo la nidhamu.

Kabila lisiulizwe. Sensa ya mwisho nchini kuuliza kabila ilikuwa ya mwaka 1967, na hakuna lolote darasani ambalo safu hiyo ingelifafanua ambalo umbali, lugha na chakula havijafafanua tayari. Suala la yatima lisiulizwe mbele ya darasa kwa kunyoosha mikono. Lilifanyika, mara moja, na mtoto mmoja alikaa nyumbani siku nne. Mwalimu wa malezi amuulize mtoto peke yake, au lichukuliwe kwenye fomu aliyojaza mlezi.

Upande wa gharama, fomu ya ukurasa mmoja kwa wanafunzi 420 inatoshwa na rimu moja na kubakiza karatasi chache. Kinachogharimu ni muda: dakika 6 kwa kila fomu ni saa 42. Ruzuku ya serikali ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na nusu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu, hivyo usitegemee itoe posho ya kazi hii. Gawanya kwa walimu wa darasa, kila mmoja mkondo wake, wiki moja.

Chakula, na vipindi vya jioni

Mafungu yalipopangwa kwa chakula, waliokula makande ya shule walikuwa wamefanya vizuri kuliko wasiokula. Taarifa ikaandikwa upesi: chakula kinapandisha ufaulu. Pengine ni kweli, lakini kadi zilikuwa hazijasema hivyo. Wanaolipiwa mchango wa chakula ni wenye wazazi wanaojiweza kidogo, na wengi wanaishi karibu. Ili usikie sauti ya chakula peke yake, chukua wanaotembea zaidi ya saa moja tu, wenye alama zinazokaribiana za kidato cha pili, kisha watenganishe wanaokula na wasiokula. Fungu linabaki dogo, na hapo kuna mtego mwingine: katika watoto tisa, mtoto mmoja ni asilimia 11. Fungu lenye chini ya watu kumi liandike kwa idadi, "watatu kati ya tisa", usiandike asilimia.

Ushahidi wenye nguvu ulipatikana penginepo. Rejista huitwa asubuhi. Mtoto anayeitikia saa moja na nusu halafu akaondoka saa sita kwa njaa, kwenye rejista yupo. Monita wa kila mkondo alipewa daftari ahesabu vichwa kipindi cha kwanza baada ya mapumziko ya mchana, wiki mbili tu, bila kuandika majina. Pengo kati ya asubuhi na mchana lilikuwa kubwa kiasi kwamba mkuu wa shule aliomba hesabu irudiwe wiki ya tatu. Vipindi vya mchana siku nyingi vilikuwa hisabati na fizikia.

Kwa wanaotaka kupeleka hoja kwa wazazi, njoo na vipimo. Kwa kiwango cha gramu 120 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa kila mtoto, wanafunzi 420 wanamaliza kilo 50 za mahindi na kilo 17 za maharage kwa siku moja, bado kuni, chumvi, mafuta na mpishi. Mchango wa nafaka baada ya mavuno unapatikana kwa urahisi kuliko fedha taslimu Januari. Na mwanafunzi harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Hilo lisemwe kikaoni kwa sauti, kwa sababu wapo wazazi wanaomzuia mtoto wenyewe kwa aibu ya kudaiwa.

Vipindi vya ziada vilikuwa saa 10 hadi saa 11:30 jioni. Kadi zilionyesha wanaobaki ni wanaoishi karibu, ambao tayari ndio wenye alama nzuri. Anayepanda dakika 70 akitoka saa 11:30 anafika nyumbani giza likiingia, na mzazi mwenye akili timamu hamruhusu binti yake. Shule ilikuwa inawaongezea walionacho. Vipindi vilihamishiwa saa 8 hadi saa 9:15, usafi ukapelekwa asubuhi, na wa mbali wakaanza kuonekana. Walimu wawili hawakufurahi, kwa sababu ya vipindi vyao vingine, na ratiba ilibadilishwa mara tatu kabla ya kutulia.

Kikao cha wazazi

Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani halitangazi tena shule kumi bora. Ni nafuu kwa shule za kutwa, kwani zilikuwa zikilinganishwa na seminari za bweni zinazochagua wanafunzi kwa mtihani. Ila wazazi bado huja kikaoni na swali lilelile, tumekuwa wa ngapi. Wape jibu la kata na halmashauri kama lipo, kisha wape lile la walioanza na waliomaliza.

Usipeleke kadi kikaoni. Zina habari ambazo jirani hapaswi kuzijua, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaihusu shule kama inavyoihusu benki. Peleka jumla tu, kwenye karatasi kubwa ya chati, namba zisizozidi tano. Tulipeleka kumi na sita na hakuna aliyezikumbuka. Usitaje kitongoji chenye watoto wachache, maana kila mtu atajua ni wa nani. Mzazi wa mtoto aliyeacha aitwe peke yake, siku nyingine, na apokelewe na mwalimu wa malezi pamoja na mjumbe wa bodi anayetoka upande wake wa mlima. Wengine wanakuja wakiwa tayari kutukanwa. Wape kiti, wape chai, anza kwa kuuliza mtoto yuko wapi na anaendeleaje. Katika waliofuatwa namna hiyo, baadhi walirudi, wachache kwenye darasa lao, zaidi kwenye elimu ya watu wazima au ufundi. Wengine walikuwa wameshaoa.

Kadi za kidato cha kwanza zianze wiki ya tatu ya Januari, zisisubiri wote waripoti. Anayechelewa kadi yake ikae mbele, tupu, yenye namba ya PReM tu, hadi atakapofika. Sanduku likae kwa makamu mkuu wa shule, funguo mbili, ya pili kwa mwalimu wa taaluma. Mmoja wao akihamishwa, na huhamishwa bila taarifa ndefu, makabidhiano yaandikwe na idadi ya kadi ihesabiwe mbele ya anayeondoka na anayepokea, zile za walioacha zikiwemo.